Fundo la Kidole Kisichokunjika

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa nimeshika kalamu ya watu. Leo sina budi kuwaambia nilichokifanya nayo. Nilisaini.

Najua wengine mmeshaanza kunitukana. Tukaneni polepole, matusi yasije yakaisha mapema.

Kwa aliyekuwa mbali nasi: mimi ni msukaji wa viti. Kazi yangu ni ile sehemu unayoikalia, kamba ya karatasi iliyosokotwa, na naisuka kwa mkono wa kushoto. Ndiyo maana tangu utoto naitwa Kashoto. Kwa miaka sita nilisukia kampuni moja kubwa inayouza kiti maarufu, kile chenye mgongo wa kupinda, ambacho msanii mmoja wa ng'ambo alikichora enzi za babu zetu. Kampuni ndiyo yenye kibali cha warithi wa msanii huyo. Kiti chao kimoja, mtu wa kawaida angekilipia mwaka mzima, na siku ya kukikalia angekuwa hana nguvu ya kukaa.

Kisha kampuni ikatupunguza wasukaji wote, ikasema viti vitaletwa kutoka ng'ambo vikiwa tayari. Nikahamia karakana ya kaka yangu, ambaye alikuwa akitengeneza kiti hichohicho kwa bei ya mwalimu wa shule. Wakati ule sheria ilimruhusu. Mchoro wa samani ukishatimiza miaka ishirini na tano ulikuwa wa watu wote.

Sheria ikabadilishwa. Sasa wanahesabu miaka sabini tangu mchoraji afe. Tukapewa miezi sita ya kuacha, na kaka hakuacha.

"Mwenyewe alikufa mimi sijaota ndevu," alikuwa akisema. "Analalamika nani, mzimu?"

Wakalalamika warithi, kupitia kampuni. Viti thelathini vya kaka vikafungiwa, yeye akaitwa kuandikisha maelezo. Huko akaapa kwamba karakana nzima ni yeye peke yake: anapasua, anapiga randa, anasuka. Jina langu hakulitaja.

Siku tatu baadaye nikapigiwa simu ya kazi. Kumbe kazi yenyewe ni kuwa mtaalamu wa kampuni, kuwaonyesha kiti kipi ni halisi na kipi ni cha kuiga. Kwenye fomu pakawa na mstari unaosema sina undugu na mshitakiwa. Mimi na kaka tumechangia mama tu, majina ya baba ni tofauti. Ningesema ni kaka yangu, swali la pili lingekuwa "basi anayesuka pale ni nani?", na kiapo chake kingekuwa uongo palepale. Ningekataa kazi bila sababu, wangeanza kunichunguza.

Kwa hiyo nikasaini. Nilidhani namwokoa.

*

Asubuhi ya siku yenyewe wifi alinikuta naweka viatu vya kisigino karibu na mlango.

"Wifi, unakwenda kuposwa?"

"Nakwenda kwenye usaili."

"Usaili gani unakwenda na uso wa msibani?"

Wifi yangu huyo, Mungu amweke, ana macho ya kuona hata kilicho nyuma ya ukuta. Nilijifanya natafuta pochi.

Kaka alikuwa mezani anakunywa chai. Hakuinua kichwa. Tangu viti vifungiwe alikuwa mtu wa kushinda karakanani peke yake, mlango ameurudishia, na akiulizwa anafanya nini anasema anapanga vyombo.

Siku moja kabla niliingia kufagia. Chini ya benchi nilikuta vipande vya kamba ya karatasi, kama hamsini hivi, kila kimoja kimefungwa fundo. Nikavizoa vyote nikavitupa, nikilalamika moyoni kwamba watoto wamechezea mali. Msiniulize kwa nini sikuangalia yale mafundo. Mtu anayefagia kwa hasira haoni kitu.

"Kashoto," kaka akaniita nilipofika mlangoni.

"Naam."

"Ukitoka huko kwenye usaili, usipitie mjini. Rudi moja kwa moja nyumbani."

"Kwa nini?"

"Nina shughuli zangu leo. Sitaki tukutane."

Nikaenda zangu. Laiti ningemuuliza shughuli gani.

*

Ofisi ya wakili ilikuwa ghorofa ya tatu, chumba chenye meza ndefu na dirisha lisilofunguka. Wakili wa kampuni ni mwanamke wa makamo, miwani imening'inia kwenye mnyororo, anaongea taratibu na anaandika kila kitu. Sikumpenda, lakini siwezi kumsingizia. Alikuwa mtu wa haki.

Juu ya meza palikuwa na viti viwili. Kimoja kimebandikwa karatasi yenye herufi A, kingine B.

"A kimetoka dukani kwa kampuni juma lililopita," wakili akasema. "Hicho ndicho halisi. B kimetoka karakana ya mshitakiwa. Nataka uniambie tofauti zake, moja baada ya nyingine, nami niziandike. Kesho kutwa mwakilishi wa warithi anaingia kutoka ng'ambo, anataka ripoti."

"Nikivigeuza ni vibaya?"

"Hata kuvipanda ukitaka."

Nikaanza na B. Nilikijua kabla sijakigusa. Mguu wa nyuma una fundo la mti ambalo kaka alilitukana wiki nzima. Nikazungumza habari za vanishi, habari za gundi, maneno ya kujaza karatasi. Wakili akaandika.

Kisha nikakigeuza A.

Chini ya mbao ya nyuma palikuwa na muhuri wa kampuni uliochomwa kwa moto, mzuri, umenyooka. Pembeni yake kamba ilipoishia palikuwa na fundo.

Hapa lazima niwarudishe nyuma kidogo, msinichoke.

Fundo la mwisho la kiti hufungwa kwa kidole cha shahada. Unazungusha kamba kwenye kidole, unapenyeza, unavuta, mkia unaelekea chini. Ndivyo nilivyofunga miaka yote sita ya kampuni. Lakini mwezi wangu wa pili kwa kaka, msumeno wa mashine ulinipitia kidole hicho. Kilipona, ila hakikunjiki tena. Kinasimama kama kijiti. Msumeno ule haukuwa na kinga, kaka alikuwa ameivua ili kazi iende haraka, na tangu siku hiyo hajawahi kunitazama mkono.

Baada ya hapo ilibidi nijibunie fundo langu. Nazungushia kidole cha kati, mara mbili, na mkia unatokea juu. Hakuna mwingine duniani anayefunga hivyo, kwa sababu hakuna mwenye akili timamu anayehitaji kufunga hivyo.

Fundo la A lilizungushwa mara mbili. Mkia ulitokea juu.

Kiti halisi cha kampuni, chenye muhuri wa kampuni, kilichotoka dukani kwa kampuni, nilikisuka mimi uani kwa kaka, nikiwa na kidole hiki kibovu.

"Kuna tatizo?" wakili akauliza.

"Naomba maji."

*

Akatoka kuagiza maji. Mlango haujafungwa vizuri, akaingia Bosi.

Bosi ndiye meneja wa kampuni. Ni yeye aliyetupunguza, kwa hotuba na soda. Mtu mpole, sauti ya chini, anauma na kupuliza. Na nyuma yake, akishikilia mlango, alikuwa dereva wake.

Dereva huyo nilimjua, ila sikumjua kama dereva wake. Kwetu tulimwita Bwana Alhamisi. Kila Alhamisi alikuja na gari lisilo na maandishi, akachukua viti vinane visivyopigwa vanishi, akalipa, akaondoka bila maneno. Kaka alikuwa akimsifu kuliko wateja wote. Kumbe ndiyo ng'ambo yenyewe ambako viti vya kampuni vilikuwa vinatoka.

Bosi akaketi mkabala nami, akatazama kiti kilivyopinduliwa.

"Umeshaliona," akasema.

Nikalifunika fundo kwa kiganja.

"Nilijua utaliona. Ndiyo maana nilikuchagua wewe. Wakili aliniletea majina matatu ya wataalamu. Wale wengine wawili wangeona pia, na wangesema."

"Na mimi nitasema."

"Kwa nani, dada? Umesaini huna undugu naye. Kaka yako ameapa hana msukaji. Dereva wangu amekuona pale uani kila Alhamisi, umekaa kwenye kigoda unasuka, ukimwita kaka. Ukifungua mdomo, mnaingia wawili. Ukisaini ripoti, anaingia mmoja."

"Wewe ndiye uliyevinunua."

"Risiti iko wapi?"

Hakuna risiti. Bwana Alhamisi hakuwahi kuomba na kaka hakuwahi kuandika.

"Alikuwa na mteja mzuri," Bosi akaendelea, kama mtu anayesikitika kweli. "Angeuza kwangu tu, leo tusingekuwa hapa. Lakini tamaa ikamtuma awauzie na walimu. Warithi wakaviona kwenye picha, wakaniuliza mimi. Ningewajibu nini?"

Nikamtazama. Kwa mara ya kwanza nikaelewa kwamba mtu huyu hamchukii kaka. Alihitaji mwizi, na kaka alikuwa karibu. Mtego wa panya huingia waliokuwemo na wasiokuwemo, lakini huu ulitegwa na panya mwenyewe.

"Andika kwamba A ni halisi," akasema. "Mpaka saa sita uko nyumbani. Na mwezi ujao kampuni inaweza kuhitaji msukaji."

Nikatamani kumtemea mate. Nikatamani pia, na hili nalikiri kwa aibu, kusaini nikaondoka zangu.

*

Wakili akarudi na maji. Nikanywa glasi nzima.

"Tuongeze jambo moja," akasema, akikaa. "Nimefikiri jana. Mshitakiwa anadai anasuka mwenyewe. Nimemwita. Yuko hapo nje. Tutampa kamba afunge fundo la mwisho mbele yetu, na mtaalamu atatuambia kama ni mkono uleule uliosuka B. Tukimaliza hilo, kesi imenyooka."

Bosi alionekana kushangaa kidogo, kisha akatabasamu. "Wazo zuri sana."

Nimewahi kukalia kuti kavu maishani, lakini hili nililisikia likivunjika. Kaka hajui kusuka hata mkeka. Hilo fundo asingeliweza. Wangejua ameapa uongo, wangeuliza msukaji ni nani, na msukaji yuko mezani ana glasi mkononi.

Mlango ukafunguliwa, ukamfunika Bwana Alhamisi aliyekuwa nyuma yake.

Alikuwa amevaa shati lake jeupe la harusi za watu, lile wifi analolipiga pasi kwa maombi. Akaona viti. Akamwona Bosi, ambaye kwake alikuwa mgeni tu. Kisha akaniona mimi, nimekaa upande wa kampuni, kalamu mbele yangu.

Nilimwona anavyonisoma. Viatu vya kisigino. Usaili. Kila kitu kikajipanga usoni mwake, na sikuwa na njia ya kumwambia kwamba sivyo anavyofikiri, au kwamba ndivyo, lakini sababu ni nyingine.

Akanisogelea, akanipa mkono kama anavyowapa wateja.

"Habari yako, mama."

Mama. Mimi, niliyebebwa naye mgongoni kwenda shule mvua ikinyesha.

"Nzuri," nikasema. Sauti ilitoka ya mtu mwingine.

Wakili akamsogezea kipande cha kamba na ubao mdogo wenye msumari. "Funga fundo la mwisho, kama unavyofunga siku zote."

"Naomba maji kidogo," kaka akasema. "Kamba hii haifungwi kavu."

Wakili akampa yaliyobaki kwenye jagi. Akalowesha ncha, akaipangusa. Akaishika kwa mkono wa kushoto, yeye mtu wa mkono wa kulia tangu kuzaliwa.

Kisha akakinyoosha kidole cha shahada.

Akakikaza kikasimama wima, kama kimekufa. Akazungushia kamba kwenye kidole cha kati. Mara moja. Mara ya pili. Kidole hakukikunja. Akapenyeza, akavuta.

Mkia ukatokea juu.

Vile vipande hamsini chini ya benchi. Nilivizoa na kuvitupa, na kumbe kila kimoja kilikuwa mimi. Mtu ambaye kwa miaka miwili hakuthubutu kunitazama mkono alikuwa ameutazama kuliko yeyote, mpaka akaujua kwa moyo.

Nilibana midomo nisilie mbele ya wale watu.

Wakili akavaa miwani. Akachukua ubao, akakigeuza B, akalinganisha. Akachukua muda wake.

"Kwa macho yangu mafundo yanafanana kabisa," akasema. "Mtaalamu?"

Bosi akaniangalia kwa upole. Kaka alikuwa akitazama dirisha lisilofunguka. Neno moja tu lilitakiwa kwangu. Ndiyo. Kaka mwenyewe alikuwa ameniandalia, amelifunga vizuri na kunikabidhi.

"Kabla hujajibu," wakili akaongeza, "nipe na la A, niandike tofauti. Mafundo ya halisi yanakuwaje?"

"Hakuna haja," Bosi akasema.

"Haja ipo. Mwakilishi atauliza hilo kwanza."

"Muhuri unatosha."

"Muhuri anaweza kuchoma yeyote mwenye moto," wakili akasema, na akaushika mguu wa A ili akigeuze upande wake.

Ndipo nilipoona tulipofika. Angelikuta fundo lilelile. Na nani alikuwa ametoka kuapa kwa vitendo kwamba fundo hilo ni lake? Bosi asingehitaji hata kufikiri. Angesema fundi huyu amechoma muhuri wa uongo, ameingiza viti vyake mpaka dukani kwetu. Kaka angebeba vya kwake na vya Bosi. Kwa kunificha mimi alikuwa ameingia kwenye shimo la pili bila kujua kwamba lipo.

Nilijaribu kutafuta njia nyingine. Naapa nilijaribu. Chumba kilikuwa na mlango mmoja, na Bwana Alhamisi alikuwa ameuegemea, nyuma ya mgongo wa kaka.

Nikalichukua lile fundo la kaka, nikalivuta kwa kucha. Lilikuwa limelegea. Si sana, wakili asingeweza kulijua. Kiti kingebonyea baada ya mwaka.

Nikaweka mkono wangu wa kushoto juu ya meza, wazi, kidole kikiwa kimesimama mbele ya macho ya wote. Fundo liwe langu, asilibebe yeye.

"Umelegeza, kakangu," nikasema. "Lete kamba nikuonyeshe."

Wakili akaacha kuandika. Akatazama kidole changu, akatazama fomu niliyosaini kwamba sina undugu, ambayo ilikuwa palepale juu ya faili lake. Bosi alikuwa ameshainuka.

Kaka hakunipa kamba. Aliikunja polepole, akaitia mfukoni mwa shati lake jeupe, akageuka kwa wakili.

"Mimi," akasema, "huyu mama simjui."